Ngazi ya Kumi ya Wadaimani

Sitaeleza jinsi nilivyofika Daimani. Tiketi ilikatwa na Wizara, mizigo haikupotea, na njia nzima nililala. Nilitumwa nikiwa Mkaguzi Mwandamizi wa Vyeti, mtu wa miaka hamsini na saba, na mkobani nilikuwa na rasimu ya makubaliano kati ya nchi yetu na nchi ile: vyeti vyao vitambulike kwetu na vyetu vitambulike kwao, ili nesi wa kwetu akienda huko awe nesi, na fundi umeme wa kwao akija kwetu asirudishwe kuulizwa maswali ya mtoto wa shule. Niliiona kazi nyepesi. Nilikwisha kuifanya na nchi tatu kabla ya hapo, na kote tulikula vizuri, tukapiga picha, tukarudi.

Nilibeba pia stashahada yangu mwenyewe ndani ya jalada la plastiki. Hakuna aliyenituma niibebe. Ila mimi ni mtu wa vyeti, na ile ilikuwa imetundikwa sebuleni kwangu miaka thelathini na moja, mke wangu akiifuta vumbi kila Ijumaa, nikaona si vibaya wenyeji wakajionea cheti cha kwetu kilivyo. Nilikuwa na majivuno, nakiri.

Jambo la kwanza nililolibaini Daimani ni kwamba hakuna kitu kilichokwisha. Msajili Mkuu wa Sifa, bwana mmoja mpole aitwaye Ulenge, alikuja kunipokea akiwa na koti zuri la kijivu lenye vifungo vitatu. Mahali pa kifungo cha nne palining'inia uzi. Nyumba ya wageni ilipakwa rangi kuta zote isipokuwa kipande cha upana wa kiganja karibu na mlango. Mkate wa asubuhi uliletwa umekatwa ncha moja. Barua ya kunikaribisha haikuwa na nukta mwishoni. Nilidhani ni uzembe, na kwa kuwa ukaguzi ndio ulionilea, nikawa naandika kila kasoro daftarini kwa kalamu nyekundu.

Huko kila mtu huitwa Mwanafunzi, awe waziri au mfagiaji.

"Karibu sana, Mwanafunzi Mwinchande," alisema Msajili. "Mimi ni Mwanafunzi Ulenge. Ninajifunza usajili."

"Umeanza lini?" nilimuuliza, nikidhani ni mgeni kazini.

"Huu mwaka wa ishirini na sita."

Tulipokuwa tukisubiri chai alinieleza mfumo wao. Una ngazi kumi. Mtoto akizaliwa huandikwa ngazi ya kwanza, kisha hupanda kwa mitihani maisha yake yote, na anayejitahidi sana hufika ya tisa. Sheria yao ya kwanza, iliyoandikwa juu ya mlango wa kila ofisi, inasema kujifunza ni kwa maisha yote. Nilipoisoma nilifurahi, maana hata sisi tumeiandika kwenye sera yetu, ukurasa wa pili, kwa herufi nzito. Tofauti ni kwamba wao wanaiamini.

"Kama kujifunza ni kwa maisha yote," alisema Ulenge, "basi aliye hai hajamaliza. Na ambaye hajamaliza hatuwezi kumpa cheti cha kumaliza. Huo utakuwa udanganyifu."

"Ngazi ya kumi anapewa nani?"

"Anapewa siku ya kuzikwa. Tunao wahitimu elfu sitini na mbili, wote wako pale Uwanja wa Mahafali, mtaa wa pili kutoka hapa. Ni watu wa kutegemewa sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamikiwa."

Nilicheka. Yeye alinimiminia chai, akaacha kikombe pungufu kidogo.

Baraza la Ulinganifu lilikaa siku mbili kujadili stashahada yangu. Nimehudhuria vikao vingi katika maisha yangu, vingine vya watu waliosinzia, lakini sijaona kikao makini kama kile. Walikuwa wajumbe saba. Walikipitisha cheti mkono kwa mkono, wakaupima muhuri kwa rula, wakanusa wino. Kisha mama mmoja mwenye miwani ya mkono mmoja akaniangalia kwa muda mrefu.

"Cheti hiki kinasema mwenyewe amehitimu," alisema. "Na mwenyewe ninamwona hapa anakunywa chai. Sasa tumwamini nani?"

"Cheti kina muhuri," alijibu mjumbe wa pembeni yake. "Yeye hana."

Nilicheka tena, na safari hii nilicheka peke yangu. Wajumbe walikuwa wakiandika. Baada ya mabishano waliamua kwamba kwa kuwa mimi ni mgeni, na makubaliano hayajatiwa saini, nihesabiwe kuwa bado niko njiani. Mama wa miwani aliomba kumbukumbu zionyeshe kwamba yeye alipinga. Nilipotoka nilijikuta nimeshika kifua, nikihesabu mapigo ya moyo wangu, na sikujua kwa nini nafanya hivyo.

Wakati huo jicho langu la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Kwa mwaka mzima nilikuwa naona upande huo kama kupitia kioo cha bafuni, na kwetu nilikuwa nimeandikiwa foleni ya miezi minane. Ulenge aliponiona nasoma karatasi huku nimefumba jicho moja, alinipeleka hospitali yao siku ileile ya kikao cha pili. Ndipo nilipokutana na Zamoyoni.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, wa ngazi ya tisa. Alisema anajifunza macho. Nilipomuuliza amejifunzia macho mangapi akasema elfu nne na mia kadhaa. Mikono yake sijaona mfano wake. Nililala pale nikisikiliza pumzi yake tu, na kabla sijamaliza kuogopa akawa amenifunga bandeji.

"Utaitoa mwenyewe kesho asubuhi," alisema.

"Kwetu daktari ndiye anayeitoa."

"Nikiitoa mimi nitakuwa nimemaliza." Alimtupia jicho mhudumu aliyekuwa akipanga vyombo, akanyamaza hadi alipotoka. "Mtihani wa ngazi ya tisa una maswali mia, Mwanafunzi mgeni. Kila mwaka naandika tisini na tisa."

"La mia linakushinda?"

"Tangu mwaka wa kwanza nalijua."

Nilimwona mnyenyekevu kupita kiasi. Ninao walimu wengi wa namna hiyo kwetu, hodari lakini waoga wa mitihani, na siku zote nimewahurumia. Alipokuwa akinisindikiza mlangoni aliniomba jambo moja, kwamba nisimsifu mbele za watu. Nikamwambia asijali, huku nikipanga moyoni namna ya kumsifu.

Asubuhi nilitoa bandeji. Niliona ukuta wa chumba changu, nikaona kile kipande kisichopakwa rangi, nikaona hata alama za brashi ilipofika ikasita ikarudi. Niliona chungu akitembea kwenye fremu ya dirisha. Nililia kidogo, kwa jicho lile jipya na lile la zamani.

Ibara ya tano ya makubaliano ilitaka kila upande utoe mfano mmoja wa majaribio: mgeni amchague mwenyeji mmoja, amlinganishe na vyeti vya nchi yake, aandike hati ya utambuzi. Kwa kawaida tunachagua jina lolote kutoka kwenye orodha. Mimi niliona Mungu ameniletea nafasi ya kulipa fadhila. Nilikaa mezani nikaandika kwamba Mwanafunzi Zamoyoni, mjuzi wa macho, akilinganishwa na mwenye stashahada ya nchi yetu, hana kinachompungukia. Amekamilika, na nchi yetu inamtambua kuwa amehitimu. Nikatia saini, nikagonga muhuri niliokuja nao. Mwisho wa sentensi niliweka nukta kubwa, ili wajue nukta huwekwaje.

Hati ilisomwa barazani siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Zamoyoni aliitwa bila kuambiwa sababu. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya sherehe. Ulenge alisoma polepole, na alipofika kwenye neno la mwisho wajumbe wote saba walisimama, wakapiga makofi laini, yale ya vidole. Nilimtazama Zamoyoni nikitegemea tabasamu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na ile mikono ambayo haikutetemeka ndani ya jicho langu ilikuwa inatetemeka hadi mezani maji yakawa yanacheza ndani ya glasi.

Mhudumu akaja akaichukua ile glasi iliyokuwa mbele yake.

"Nilikuomba," aliniambia Zamoyoni. Hakupaza sauti.

Hakuna aliyemjibu wala kumtazama. Mama wa miwani alifuta jina kwenye orodha ya mahudhurio, akaendelea na ajenda. Vijana wawili wa itifaki walimfungulia mlango, wakamwongoza nje kwa heshima zote, bila kumgusa. Nilimfuata Msajili hadi ofisini kwake.

"Anapelekwa wapi?"

"Uwanja wa Mahafali. Kuna benchi. Wahitimu hukaa hapo."

"Yule mtu ni mzima, Bwana Ulenge."

"Cheti kinasema amekamilika." Alinivutia kiti. "Usiwe na wasiwasi, hakuna atakayemdhuru. Sheria yetu inakataza kabisa kumdhuru mtu. Ila aliyekamilika hahitaji kitu. Hapewi chakula, kwa kuwa hapungukiwi. Haongeleshwi, kwa kuwa hana la kujifunza wala la kuuliza. Tunamwacha apumzike na elimu yake. Kwa kawaida haipiti siku ya nne."

Aliyasema haya kwa sauti ileile aliyonielezea nayo ratiba ya chakula cha mchana. Nilikaa. Sasa nilielewa vifungo, mkate, ukuta na nukta. Nchi nzima ilikuwa inaacha swali moja.

"Imewahi kutokea?"

"Ujumbe wa nchi moja ulikuja miaka sita iliyopita. Walikuwa watu wakarimu sana. Walitambua walimu wetu kumi na wanne."

"Kuna njia ya kuifuta hati?"

"Ipo, tena rahisi." Alivuta droo, akatoa fomu iliyokwisha kuchapwa. "Mtambuzi anaandika kwamba cheti alicholinganishia si kamili. Kama kipimo ni kibovu, kilichopimwa nacho kinarudi kilikotoka. Hapa unajaza jina la cheti. Umetumia kipi?"

Nilikuwa nimetumia changu. Kilikuwa bado juu ya meza ya baraza, ndani ya jalada lake la plastiki.

Ningependa kusema kwamba nilijaza fomu palepale. Sikujaza. Niliomba muda wa kutafakari, Ulenge akanipa, naye akaonekana kuuthamini uamuzi huo. Nilikichukua cheti changu barazani, nikarudi chumbani nikakaa kitandani. Bila stashahada ile mimi si mkaguzi. Bila ukaguzi sijui mimi ni nani. Watu mtaani hawaniiti kwa jina, wananiita Mkaguzi. Waziri alikuwa anasubiri makubaliano yenye saini, na ningerudi na karatasi inayosema stashahada za nchi yetu hazijakamilika. Niliwaza kwamba labda Wadaimani wanatishia tu. Niliwaza kwamba labda mtu fulani atampa maji. Niliwaza hivyo mchana kutwa, na kesho yake hadi jua likawa la utosi, na wakati wote huo nilikuwa naona vizuri sana kwa jicho la kushoto.

Ndipo nilipokwenda Uwanja wa Mahafali.

Ni mahali safi. Makaburi yamepangwa kwa fani: wahasibu upande mmoja, washoni upande mwingine, kila jiwe na namba ya cheti. Kwenye safu ya madaktari palikuwa na shimo jipya, udongo wake umechekechwa vizuri, na kando yake benchi la saruji lisilo na kivuli. Zamoyoni alikuwa amekaa hapo na koti lake la hospitali. Midomo ilikuwa imempasuka. Njia ya kwenda sokoni hupita kando ya benchi lile, na watu walikuwa wanapita na vikapu vyao.

Nilikaa pembeni yake. Nilikuwa na chupa ya maji mkobani.

"Usitoe hiyo," alisema kabla sijafungua zipu. "Anayemhudumia mhitimu huandikwa naye. Wewe una cheti tayari. Wanakutafutia sababu tu."

Nilimwona mfagiaji kwenye lango, amesimamisha ufagio, ananitazama. Nilirudisha mkono. Chupa ilibaki mkobani, na naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Kwa nini usikimbie?"

"Mpakani wana daftari. Wataona nimehitimu. Hawatanikamata, hawatanifungulia pia. Nitasimama pale langoni badala ya kukaa hapa." Alivuta pumzi. Kisha akanyoosha kidole kwa shida kumwelekea mzee mmoja mwenye kanzu aliyekuwa anapita na mfuko wa vitunguu. "Yule nimemfanya macho yote mawili. Na yule mama mwenye mtoto mgongoni. Na yule kijana wa baiskeli, aliletwa akishikwa mkono. Tangu jana nawahesabu. Wote wanaona vizuri. Wanapita hapa hawanioni."

Yule mzee wa kanzu alikuwa amefika karibu. Macho yake yalipita juu yetu kama yanavyopita juu ya ukuta, lakini niliona mkono ulioshika mfuko ukikaza hadi vidole vikawa vyeupe. Alikuwa anaogopa. Wote walikuwa wanaogopa, na mimi nilikuwa mwoga kuliko wote, kwa kuwa mimi ndiye pekee mwenye kalamu.

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa," nilimwambia. "Nilidhani nakupa zawadi."

"Najua. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Ungekuwa adui yangu ningeweza kukuchukia nikapumzika."

Nilisimama nikaenda ofisini kwa Ulenge, kwanza nikitembea, halafu nikikimbia, mtu mzima na suti yangu, jalada likinipigapiga mbavuni. Nilijaza fomu. Niliandika kwamba stashahada ya nchi yetu, niliyopewa miaka thelathini na moja iliyopita mbele ya wazazi wangu, si cheti kamili, na kwamba mwenye nayo hajamaliza kujifunza. Mkono wangu uliandika vizuri kuliko nilivyotegemea. Ulenge alichukua mkasi, akaikata stashahada pembeni kuonyesha ni batili, akaacha kipande kinaning'inia kwa unyuzi wa karatasi.

"Umefanya vyema, Mwanafunzi," alisema, na kwa mara ya kwanza niliona kitu usoni mwake. Alitazama mlango kama umefungwa. "Mke wangu alikuwa mmoja wa wale walimu kumi na wanne. Mtambuzi wao alikwisha kuondoka."

Aligonga muhuri, akaita vijana wa itifaki, na baada ya nusu saa Zamoyoni alipewa maji.

Hakurudishwa ngazi ya tisa. Cheti kikifutwa, vyote vilivyokuwa chini yake hufutika nacho. Nilimkuta siku ya kuondoka kwenye darasa la ngazi ya kwanza, amekaa kwenye dawati dogo kati ya watoto wa miaka saba, magoti yake yamefika kifuani, mwalimu akimwonyesha jinsi ya kushika penseli. Hospitali ilikuwa imefunga chumba cha macho. Alipopewa ruhusa alikuja mlangoni.

"Wanasema nikifaulu vizuri nitarudi kushika jicho la mtu baada ya miaka ishirini na saba," alisema. "Sitafika. Lakini leo nimekunywa maji vikombe vitatu."

"Nisamehe."

Aligeuka akatazama dawati lake. "Una mtoto?"

"Binti mmoja. Anasomea unesi."

"Hodari?"

"Wa kwanza darasani, kila mwaka."

Alinishika kiwiko, kwa vidole vilevile. "Mfundishe kuacha swali moja," alisema, kisha kengele ikalia akarudi kukaa na wenzake.

Nilirudi nyumbani nikaandika ripoti ya kurasa arobaini. Nilishauri kwamba makubaliano yasitiwe saini leo, kesho, wala siku yoyote. Niliambatanisha majina ya wale walimu kumi na wanne, niliyopewa na Ulenge kwenye karatasi aliyoikunja mara nne. Mkurugenzi wangu aliniita baada ya wiki. Ni mtu mwema, tumefanya kazi pamoja muda mrefu, na aliniagizia soda.

"Mzee Mwinchande, hii ripoti umeiandika kwa sifa ipi?"

"Mkaguzi Mwandamizi wa Vyeti."

Alifungua faili. Ndani mlikuwa na nakala ya ile fomu, imetumwa kutoka Daimani kwa utaratibu, na mihuri yote. "Hapa umeandika mwenyewe kwamba huna cheti kamili. Nami siwezi kupokea ripoti ya kitaalamu kutoka kwa mtu asiye na cheti. Unaujua utaratibu, wewe ndiye uliyeuandika."

"Soma ukurasa wa kumi na tisa tu, Mkurugenzi. Kama rafiki."

"Kama rafiki nitausoma," alisema, akaweka faili kwenye trei ya chini. Mwezi uliofuata ulitumwa ujumbe mwingine, wa watu wachangamfu, wakatia saini kwa makofi. Niliiona picha. Ulenge alikuwa amesimama nyuma, koti lake limebakiwa na vifungo viwili.

Hayo yametokea mwaka huu. Mimi sasa nakaa nyumbani. Ukutani sebuleni pamebaki alama ya mraba mweupe, na mke wangu bado anapafuta vumbi kila Ijumaa kwa mazoea.

Jumatano iliyopita ililetwa kadi. Binti yetu Salha anahitimu Jumamosi, wa kwanza katika chuo chake, alama mia kwa mia. Ni mahafali ya kwanza chini ya mfumo wa pamoja. Kadi ni nzuri, ya karatasi nene, na nyuma yake kuna maelekezo kwa wazazi: wahitimu watakaa kwenye benchi la pembeni, wageni wanaombwa wasiwasemeshe wahitimu baada ya kukabidhiwa vyeti, wazazi wasije na chakula wala vinywaji kwa ajili ya wahitimu.

Nilimsomea mke wangu mara mbili.

"Afadhali," alisema. Alikuwa amepakata joho la Salha, anabana kifungo. "Mwaka jana watu walileta masufuria ya pilau hadi jukwaani. Aibu tupu."

"Mama Salha, asiende."

"Asiende wapi?"

Nilimweleza yote, kama nilivyoeleza hapa, tangu ule mkate uliokatwa ncha. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa ni mke mwema, lakini niliona jinsi anavyonitazama. Ndivyo walivyonitazama pia kaka yake na imamu wetu: kwa huruma, kama mtu aliyepoteza kazi uzeeni akachanganyikiwa.

"Mtoto kahangaika miaka minne," alisema taratibu. "Kwa sababu chako kimefutwa, chake ukifiche?"

Salha aliingia akitokea jikoni, mikono ina unga, akauliza tunabishana nini. Nilimwuliza kama lile swali la mwisho la mtihani lilikuwa gumu. Akacheka, akasema lilikuwa rahisi kuliko yote, Baba, karibu nilionee aibu. Akarudi jikoni anaimba.

Mama yake alipoinuka kumfuata, niliuchukua mkasi kwenye kikapu, nikakata uzi wa kifungo cha mwisho cha joho, nikakitia mfukoni. Aliporudi alilinyanyua joho, akaliona, akanitazama. Kisha akanyoosha kiganja, nami, kwa kuwa sikuwa na namna nyingine ya kumweleza, nikampa.

Alikishona tena, kwa uzi mara mbili, akaukata uzi kwa meno, akakivuta kuona kama kimeshika.